Jack Russell kwa mazingira ya Mbeya: umchukue au umwache?

Wadau habari zenu, niko Uyole hapa, koti hili msinicheke, mwezi wa saba huu na Mbeya mnaijua. Leo tunachambua mbwa, Jack Russell, huyu anayevuta kamba ya kiatu changu anaitwa Pilipili.

Sasa wengi wakimwona tu, eeh kadogo haka, ntakaweka sebuleni watoto wachezee. Subiri kwanza. Huyu ni mbwa wa kazi bwana. Asili yake Uingereza, kuna mchungaji wa kanisa akiitwa John Russell, mwaka 1819 akiwa bado anasoma Oxford alinunua jike moja linaitwa Trump kwa muuza maziwa, ndo ukoo ukaanzia hapo, na kazi ilikuwa kumfuata mbweha shimoni, anambwekea hukohuko chini mpaka mbweha anatoka mwenyewe. Kwa hiyo hata leo kitu kikikimbia anakifukuza, kikiingia ardhini anachimba, akishindwa kuchimba anabweka, na kuchoka hachoki.

Hebu sogeza kamera. Naweka viganja hapa kifuani nyuma ya miguu ya mbele, vidole vinakutana, mmeona? Ndo maana anapenya mashimoni. Urefu begani ni sentimita 25 mpaka 30, uzito kilo 5 au 6 hivi. Mtoto huwezi kumpima hivyo, kwa hiyo ukienda kununua dai kumwona mama yake umpime yeye, akikupiga chenga ondoka.

Kwenye panya nampa kumi zote, ukiwa na stoo ya mahindi utamshukuru. Ila bustani sasa! Akisikia fuko kwenye tuta la viazi atamtafuta kweli, lakini tuta zima linakuwa chini, yaani hasara ya fuko na hasara ya mbwa sijui ipi kubwa. Kuku wa kienyeji wanaozurura, vifaranga hasa, hapo mi nasema usijaribu labda uwe na banda la uhakika. Fensi ya michongoma anapita chini yake kama haipo.

Watoto wakubwa wanaokimbia naye, safi sana, mtoto wa kuvuta mkia hapana, huyu hana uvumilivu huo. Mbwa wenzake nao anawaanza yeye, hata awe mara tano yake haangalii saizi. Manyoya mafupi kama ya huyu baridi yetu inampata, usiku alale ndani au kwenye kibanda chenye nyasi kavu. Chanjo ya kichaa muone bwana mifugo, hilo halina mjadala.

Na kuna ndugu yangu wa Makambako kanipigia anauliza kama analinda. Kukuamsha atakuamsha mkuu, hata paka akipita, ila mwizi hamtishi, kwa hiyo weka na mbwa mkubwa, dume kwa jike ndo wanaelewana zaidi, na usimfungie bandani kutwa nzima, atakula mlango.