Uchambuzi wa Kiko cha Wakati wa Vita: Manzanita Badala ya Erika

Karibuni watazamaji. Kiko hiki kilitengenezwa Marekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na sitawachosha kwa vipimo vyake, kwa sababu umbo hili mmeshaliona humu mara nyingi. Ninachotaka mkiangalie ni mti wake. Muhuri wa Mission Briar, jina la kibiashara la mti huo, uliopigwa ubavuni unatujulisha kwamba ni manzanita, kichaka cha milima ya California.

Kabla ya vita, viwanda vya Marekani vilitegemea vifundo vya mizizi ya erika (briar kwa Kiingereza), kichaka cha nchi za Mediterania, kutoka Algeria, Corsica, Calabria na Ugiriki. Juni 1940 Ufaransa ilisalimu amri na Italia ikaingia vitani, mwaka uliofuata Ugiriki ikatekwa, na njia za bahari ya Mediterania zikawa za hatari. Ndipo mafundi wakageukia manzanita, na wengine wakachimba vifundo vya Kalmia latifolia, kichaka kingine cha Marekani, huko North Carolina.

Sasa ninasogeza kamera na kumulika tochi ndani ya bakuli. Chini kidogo ya ukingo, upande wa kushoto, moto umeula mti hadi pakabonyea, na nikipitisha kijiti hapo, ncha yake inazama. Nakigeuza: nje, mahali palepale, wekundu mzuri wa manzanita umegeuka kuwa weusi, na ufa mwembamba kama unywele unashuka hadi kitakoni. Hiki kingine ni cha erika, nacho kimetumika sana, lakini ukuta wake umeungua juujuu tu. Erika ya ardhi kavu yenye mawe huhimili joto, na vifundo vyake huchemshwa kwa saa nyingi ili kutoa utomvu, kisha hukaushwa kwa miezi kadhaa.

Hata hivyo, kadiri ninavyokishika hiki cha manzanita ndivyo ninavyozidi kumheshimu fundi wake. Kiungo cha mrija bado kimekaza, na mkono wangu haukuti mkwaruzo popote. Huko Denmark nako erika iliadimika: Poul Nielsen alianza kutengeneza viko mwaka 1942 kwa mti wa biichi, akahamia erika baada ya vita, na kiwanda chake kikawa Stanwell, chapa maarufu ya viko. Vita havikuwasumbua sana watengenezaji wa viko vya magunzi huko Missouri, kwa kuwa mahindi yalikuwa shambani kwao. Kwa matumizi ya kila siku, ningechagua gunzi kuliko manzanita.

Kinachoniudhi ni wauzaji wa sasa wanaopandisha bei ya viko vya manzanita hadi ilingane na ya erika bila kumwonyesha mnunuzi ndani ya bakuli. Hiki nilikinunua kwa dola 35, na kwa ufa huu nisingeongeza hata moja. Wiki ijayo nitakiweka kando ya kiko cha gunzi, kwa hiyo jiungeni na chaneli, na mwenye kiko cha Kalmia anitumie picha ya ndani ya bakuli, si ya nje.