Kibanda cha vitabu vikuukuu Majengo, Dodoma: tathmini kwa msomaji anayetafuta tumaini

Katika eneo la Majengo, jijini Dodoma, kuna kibanda cha mabati kinachouza na kuazimisha vitabu vilivyokwisha kutumika. Hakina bango, na wenyeji humwelekeza mgeni kwa kutaja duka la pembejeo lililo ubavuni mwake. Ninakiandikia tathmini kwa sababu ni miongoni mwa mahali pachache ninapopafahamu ambapo mteja akisema kwamba amekata tamaa na anataka kitu cha kusoma, muuzaji hakimbilii kumpa kitabu cha kumfundisha namna ya kutajirika, bali humwuliza kwanza ni jambo gani lililomfika, kisha ndipo anyanyuke kwenda kwenye rafu.

Rafu ya mbele, inayoonekana kutoka barabarani, imejaa vitabu vya hamasa, vingi vikiwa tafsiri za maandiko ya Kimarekani. Hivi ndivyo vinavyotoka haraka, na siwezi kumlaumu mfanyabiashara kwa kuviweka pale. Hata hivyo, naona kwamba vinauza tumaini lisilotambua hasara. Vinamwambia msomaji kuwa anayetaka kwa dhati hupata, na asiyepata hakutaka vya kutosha. Maneno hayo ni mazito kumwambia mkulima wa Bahi au Chamwino, ambaye mvua zake hunyesha kwa msimu mmoja tu, tangu Desemba hadi Aprili, tena mara nyingi hukatika mnamo Februari wakati mazao yanazihitaji mno. Mkulima huyo huandaa shamba, hupanda mtama au uwele, pengine katika udongo mkavu kabla tone la kwanza halijaanguka, na mvua za mwanzo zikimdanganya, miche ikaungua, hurudi kununua mbegu nyingine na kupanda upya. Hakukosa kutaka. Anayepanda mara ya pili katika msimu uleule ana tumaini ambalo sijaliona katika rafu ya mbele, na kwa kuwa duka la pembejeo liko pale pale, wakulima wa namna hiyo hupita mbele ya kibanda wakiwa na vifuko vya mbegu mikononi.

Tumaini lao linapatikana katika rafu ya ndani, penye riwaya na tamthiliya. Shaaban Robert ndiye anayetangulia, na nakala za Kusadikika, iliyochapishwa mara ya kwanza mwaka 1951, hazikosekani. Aliyeisoma shuleni kwa ajili ya mtihani na kuisahau anafaa kuirudia akiwa mtu mzima. Wajumbe sita waliotumwa kutafuta mema kwa ajili ya nchi yao wanarudi nayo, na malipo yao yanakuwa kifungo. Karama, aliyeshitakiwa kwa kutaka kuanzisha elimu ya sheria, haokolewi na muujiza wala na bahati: anaokolewa na hoja zake, alizozipanga kwa subira siku baada ya siku mbele ya baraza lililokwisha kumchukia. Kwangu mimi hapo ndipo riwaya hiyo inapogusa maisha ya kila siku, kwa maana Karama anatumaini kwa kufanya kazi, na angeweza kushindwa. Utubora Mkulima nayo ipo, na mwenye duka huwapa watumishi wa serikali waliolemewa na ofisi, wasome habari za mtu aliyeacha kazi ya mshahara akaenda kijijini kulima. Naipenda riwaya hiyo, ila namwonea shaka anayeisoma Dodoma bila kukumbuka kuwa kilimo cha Utubora hakikukutana na ukame wa huku.

Jambo lililonipa heshima kubwa kwa kibanda hiki ni kwamba hakifichi vitabu vigumu. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, ya mwaka 1969, imewekwa karibu na Kusadikika, na mwenye duka humshauri mteja azichukue zote mbili. Ushauri huo ni wa mtu aliyesoma. Katika tamthiliya hiyo inayohusu Vita vya Maji Maji, maji ya dawa, yanayoaminiwa kuwakinga wapiganaji na risasi, yanawapa watu moyo wa kuungana, kisha imani hiyohiyo inawapeleka mbele ya bunduki, na mwishoni Kinjeketile mwenyewe anakataa kutamka kwamba maji yalikuwa uongo, kwa kuwa anajua watoto na wajukuu wataambiwa kwamba baba zao walikosea kupigana. Sijasoma popote pengine palipoonyesha waziwazi kiasi hicho kwamba tumaini laweza kuua na bado likawa la lazima. Riwaya za Kezilahabi, hasa Kichwamaji, wateja wengi huziogopa wakidai zinavunja moyo. Sikubaliani nao. Mwandishi anayekataa kumdanganya msomaji anamheshimu, na msomaji aliyeheshimiwa hufunga kitabu akiwa na nguvu, hata kama kimemtia huzuni.

Kuhusu huduma yenyewe, nitaeleza nilichokishuhudia. Mama mmoja kutoka Bahi alikuja kutafuta riwaya ya Takadini kwa ajili ya binti yake anayerudia mtihani wa kidato cha nne akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Aliamkia, akakipokea kitabu, akakifungua moja kwa moja kurasa za mwisho, akakuta zimenyofoka. "Mzee, hiki hakina mwisho," alisema kwa upole, huku akikirudisha. Mwenye duka alimwomba aketi kwenye kreti la soda, akachukua nakala nyingine iliyochakaa jalada, akavuka barabara kwenda kutoa kopi ya kurasa zilizokosekana, kisha akarudi na kuzishona kwa sindano ya magunia na uzi mweupe, akizipapasa kingo kwa kidole gumba mpaka zikalingana na kurasa za zamani. Hakuongeza bei. Kwa riwaya hiyo kazi ile haikuwa ya urembo. Sekai, baada ya kukaa miaka mingi bila mtoto, anamzaa mwana mwenye ualbino na kumtorosha asiuawe, na mateso yake yote yanaelekea kwenye sura za mwisho, kijana huyo anapopendwa na msichana Shingai na kuonekana mtu kamili mbele ya jamii. Binti angeisoma bila kurasa zile, angebaki na safari ya mama bila kufahamu kilichoifanya istahili.

Zipo kasoro ambazo sitazinyamazia. Mashairi ni machache mno, jambo la kusikitisha kwa lugha ambayo ushairi wake umebeba faraja za watu kwa karne nyingi. Vitabu vya watoto karibu hakuna. Tena sikuona hata kijitabu kimoja cha hadithi za Wagogo, ingawa tuko katikati ya nchi yao na salamu ya "mbukwenyi" husikika mlangoni kutwa nzima. Wazee wa hapa, waliosikia mwaka 1973 kwamba mji wao utakuwa makao makuu na kuiona serikali ikihamia kwa kishindo kuanzia mwaka 2016, wana mengi ya kusimulia kuhusu kungoja, na ningependa mwenye duka atafute maandishi yao au ya watoto wao. Bati nalo huchoma kuanzia saa saba mchana, na vumbi limeharibu nakala nyingi za rafu ya chini.

Bei ni za haki: riwaya nyingi ni kati ya shilingi 3,000 na 8,000. Anayeazima huacha amana ya shilingi 5,000 na kulipa shilingi 500 kwa wiki, na amana hurudishwa bila mabishano kitabu kikirudi kizima. Wanafunzi wanaorudia mtihani hawatozwi ada ya kuazima, mradi waje na mzazi au mlezi mara ya kwanza. Kibanda hufunguliwa saa tatu asubuhi mpaka magharibi, isipokuwa Jumapili, ambapo huanza saa nane mchana. Anayehitaji vitabu vya kidato cha nne afike Januari mapema, kwa kuwa kufikia Machi nakala nzuri huwa zimekwisha kuazimwa.