Dar hadi Unguja kwa ndege: dakika 20 zilizonila saa tatu

Miaka yote navuka kwa boti. Safari hii dada yangu, fundi cherehani pale Mkunazini, Unguja mjini, alikuwa na kazi ya harusi na anataka majora yake ya kitambaa cha poplini siku hiyo hiyo. Nikasema basi, leo napaa.

Kutoka uwanja wa Dar hadi wa Unguja, kwa mstari ulionyooka, ni kilomita 70 na ushei. Kindege cha propela moja kinakata kama kilomita 300 kwa saa, kwa hiyo ni robo saa, ongeza kupanda na kushuka. Tiketi iliandikwa dakika 20, na kweli hazikuzidi. Tatizo ni zilizobaki.

Nilitoka Tabata saa tatu na robo. Tazara palikuwa shwari, ile barabara ya juu imetuokoa wengi. Jengo la kwanza la uwanja wa ndege, lile la zamani la ndege ndogo, nikakuta mzani unaningoja. Mwisho kilo 15, begi langu 19. Nikachomoa jora moja nilibebe mkononi. Dada wa mzani hakucheka hata kidogo: "Shika hivyo hivyo kaka, panda." Kumbe na abiria tunapimwa! Nikalipia ziada.

Ndege ya saa tano iliondoka saa tano na dakika 25. Hakuna aliyetwambia neno, na feni ya ukumbini inazunguka kwa kusuasua. Hapo kampuni imeniudhi.

Juu lakini, wallahi, sina la kulalamika. Nilikalishwa kiti cha mbele, ubavuni mwa rubani. Mbele ya magoti yangu pana usukani wa pili unaojiendea wenyewe, akiuvuta wake na wangu unanijia kifuani. Akaniashiria nirudishe miguu. Chini meli zimetia nanga nje ya bandari zikingoja zamu, kisha maji ya buluu tupu, kisha kisiwa cha Chumbe na mnara wake wa taa wa mwaka 1904, mweupe, kama mshumaa. Kwenye boti hivyo huvioni, unaona mgongo wa mwenzio na mfuko wa kutapikia.

Tukatua, nikangoja begi, nikachukua teksi. Nabisha hodi Mkunazini saa sita na dakika 20.

Sasa hesabu ya boti: nusu saa hadi gatini, nusu saa ya foleni, saa mbili kasoro baharini, halafu unashuka bandari ya Malindi, Unguja, uko mjini tayari, kwa miguu robo saa umefika. Ni zile zile saa tatu, kwa nauli ndogo.

Bahari ikitulia sipandi tena ndege. Ila mwezi wa saba, kusi likivuma, tumbo langu nalijua: mimi nitapaa, majora nitayatuma kwa boti.