Uzoefu wangu: Pienza, Bagno Vignoni na Montepulciano kwa siku moja

Tulifikia agriturismo karibu na San Quirico d'Orcia, Toscana, Italia. Hizi ni nyumba za shambani: mwenye shamba analima ngano na mizeituni, vyumba vichache anapangisha wageni. Mwenyeji wetu alitupangia miji mitano ya mlimani kwa siku moja. Mume wangu akakataa katakata, tumekuja kupumzika, si kukimbia mwenge. Tukachukua miwili na kijiji kimoja, na kwa mpango huo natoa nyota nne na nusu.

Pienza ni ya asubuhi, kabla mabasi ya watalii hayajafika. Papa Pio wa Pili alizaliwa hapo mwaka 1405, enzi hizo kijiji kikiitwa Corsignano. Alipopata upapa alimwita msanifu Bernardo Rossellino, na kuanzia 1459 wakainua kanisa, jumba la familia na uwanja, kisha mji ukapewa jina lake. Huyo ndiye wa kujenga kwao! Ila kanisa liko ukingoni mwa mteremko na ardhi ya nyuma inadidimia tangu zamani; sogea hadi madhabahuni utaona nyufa. Nje, nyuma ya kanisa, kuna njia ya kutembea juu ya ukuta. Kaa hapo. Bonde lote la Orcia liko chini yako, na mbele umekaa mlima Amiata, volkano iliyozimika yenye mita 1,738. Sisi tulikaa mpaka jua likatufukuza.

Mtaa mkuu unanukia pecorino, jibini ya maziwa ya kondoo. Wauzaji wanakuonjesha bila kinyongo. Changa ni laini na tamu. Iliyokomaa ni kali, mama mkwe aliitema kwa adabu. Kwa tusiokula nguruwe: soseji na nyama za kukausha za huku karibu zote ni kitimoto, kwa hiyo sema "senza maiale" kabla ya kuagiza. Salama yako ni pici all'aglione, tambi nene zinazosokotwa kwa mkono, na mchuzi wa nyanya na kitunguu saumu. Nitazikumbuka kuliko makanisa. Kwenye bili utaona "coperto", pesa ya kukalia meza. Si wizi, imeandikwa kwenye menyu.

Bagno Vignoni ni dakika chache kwa gari. Pale ambapo ungetegemea uwanja wa kijiji kuna bwawa la maji ya moto yanayotoka ardhini, nyuzi kama 50. Kuoga humo marufuku. Teremka kwenye magofu ya vinu, maji yanapita kwenye mifereji na unaruhusiwa kuloweka miguu, ingawa yakifika huko yamekuwa vuguvugu tu.

Nusu nyota niliyokata ni ya Montepulciano. Mji mzuri, lakini mtaa wake ni kupanda, kupanda, kupanda hadi Piazza Grande, uwanja mkuu wa mji. Mama mkwe aliishia mkahawani nusu ya njia. Jumapili ya mwisho ya Agosti vijana wa mitaa hushindana kusukuma mapipa ya kilo 80 hivi kupanda mtaa huohuo, sijui wamekula nini. Mwenye magoti mabovu abaki San Biagio, kanisa lililoanza kujengwa 1518 nje ya kuta, kwenye nyasi, halina msongamano.

Gari ni lazima kama unataka kwenda kwa raha zako, maana mabasi ni machache na Jumapili ni balaa zaidi. Mwenye leseni ya Tanzania au Kenya aje na kibali cha kimataifa, na akumbuke huku wanaendesha kulia. Ukiona kibao cha ZTL, yaani eneo lisiloruhusu magari bila kibali, usiingie: kamera inakupiga picha na faini inakufuata hadi nyumbani miezi baadaye. Egesha nje ya kuta kwenye mistari ya buluu, ulipie mashine. Ya njano ni ya wenyewe.