Postmark kwa printi yetu ya Nasser Road: kotesheni sasa zinafika mpaka benki

Nimetumia Postmark, huduma ya kulipia ya kutuma imeili za websaiti, mwaka mmoja na kitu sasa kwa websaiti ya printi ya kaka yangu pale Nasser Road, Kampala, na nasema wazi imetufaa sana, maana kabla yake tulikuwa tunapoteza kazi bila hata kujua kuna kazi. Sisi ni watu wa kalenda, diari, fulana, mabango ya semina, na wateja wanaolipa vizuri ni mabenki, mashirika ya misaada na kampuni za bima. Mtu wa manunuzi anajaza fomu kwenye websaiti, mfumo unamtumia kotesheni ya PDF hapohapo. Tuliamini hivyo.

Novemba, msimu wenyewe wa kalenda, dada mmoja wa manunuzi wa benki akanipigia simu amekasirika, "Mbona nyie kimya, wenzenu watatu wameshaleta kotesheni?" Nikafungua websaiti, imeandika imetumwa, tena siku tatu nyuma. Nikamwambia, "Dada yangu, tafadhali angalia kwenye spamu," akaangalia, hamna kitu. Kazi ya kalenda 2,000 ikaenda kwa jirani yetu wa ghorofa ya chini. Iliniuma kwa kweli, bei yetu ilikuwa nzuri na hakuna aliyeisoma.

Sababu niliijua baadaye. Tulikuwa kwenye hostingi ya bei rahisi, WordPress, programu inayoendesha websaiti yetu, inatuma kwa ile PHP mail, yaani seva ya hostingi inatuma imeili yenyewe, IP (namba ya anwani ya seva) moja mnagawana na websaiti kibao za watu msiojuana, akitokea mmoja anatuma spamu basi IP inaingia kwenye orodha nyeusi kama ya Spamhaus na wote mnaumia. DKIM hatukuwa nayo, yaani ile saini inayothibitisha kwamba imeili imetoka kweli kwa mwenye domeini. Na kilichotudanganya ni kujaribu kwa kujitumia sisi wenyewe kwenye Gmail, inafika, tunaridhika. Ofisi kubwa ni kitu kingine kabisa, mbele ya seva yao wameweka mlinzi, Mimecast au Proofpoint au Barracuda, au vichujio vya Microsoft 365 ambavyo IT wao wamevikaza, na imeili isiyojieleza inawekwa karantini, yaani inazuiwa pembeni mpaka IT aiachie, au inatupwa kimyakimya, mpokeaji haioni hata kwenye folda ya spamu.

Kuweka Postmark kulinichukua jioni moja. Wana plagini yao ya WordPress, na inatuma kwa API, yaani inaongea na Postmark moja kwa moja kupitia wavuti, kwa hiyo hata hostingi ikifunga poti za imeili haikuhusu. Kwenye DNS, yaani mipangilio ya domeini yako, unaongeza rekodi mbili, TXT ya DKIM na CNAME ya Return-Path (anwani ambapo imeili zilizokataliwa zinarudi), ya DMARC, ile inayowaambia wapokeaji wafanye nini na imeili isiyothibitika, nikaongeza mwenyewe, nikaanza na p=none, yaani wasizuie kitu, kwanza ili nione ripoti kabla ya kukaza. Akaunti wanaikagua kabla ya kukuruhusu kutuma kwa watu wa nje, wanakuuliza unatuma nini na kwa nani, na mimi hilo nalipenda, kwa sababu IP zao zikibaki safi na mimi nafaidika.

Siku ya kwanza tu ikakataa kutuma! Kumbe fomu yetu ilikuwa inaweka imeili ya mteja kama mtumaji, na nakala inarudi kwa mteja huyohuyo. Fikiria, imeili inayojiita ya benki inabisha hodi kwenye benki hiyohiyo ikitokea kwenye seva ya nje, mlinzi gani ataifungulia? Postmark hairuhusu utume kwa jina la domeini ambayo hujaithibitisha, ndio kosa likaonekana. Nikaweka mtumaji awe sisi, na imeili ya mteja ikae kwenye anwani ya kujibu.

Lakini kitu ninacholipia hasa ni ukurasa wao wa Activity. Kila imeili unaona imepokelewa saa ngapi na seva ya mteja ilijibu nini, neno kwa neno, kama imebaunsi, yaani imekataliwa ikarudi, unaona kwa nini, na wanaitunza siku 45. Ila jamani elewa, "delivered" maana yake seva ya mteja imesema nimepokea, haimaanishi iko inboksi, karantini ya ndani kwao Postmark haioni. Hapo ndipo unapiga simu, na sasa sipigi mikono mitupu, namtumia mtu wa IT tarehe, saa na lile jibu la seva yake, anaitafuta upande wake, anaiachia, na ukimwomba vizuri anaruhusu domeini yako moja kwa moja. Maofisi matatu tumemalizana nao hivyo.

Kuna moja Postmark haikusaidii. Kotesheni zetu zilikuwa na linki ya "Kubali", ukibonyeza oda inaingia. Tukaanza kupata oda sekunde chache baada ya kutuma, kaka anafurahi anataka kununua karatasi, kumbe ni vile vichujio vinafungua linki zote kuzikagua kabla mtu hajaziona. Tukabadilisha, linki inafungua ukurasa tu, kukubali ni kitufe cha pili ndani. Kama websaiti yako inatuma linki za kutumika mara moja, za kuthibitisha akaunti kwa mfano, angalia hilo mapema.

Ukubwa wa imeili moja kwa Postmark mwisho MB 10 pamoja na viambatisho, kwa hiyo dizaini nzito za mabango tunaziweka kwenye domeini yetu na kutuma linki, sio linki zile za kufupishwa, vichujio havizipendi. Matangazo ya ofa yana njia yake tofauti ndani ya Postmark, usiyachanganye na kotesheni.

Bei, dola 15 kwa mwezi kwa imeili 10,000, na sisi hatufiki hata 1,000, kwa duka dogo linaloingiza shilingi hiyo hela inahisika. Kaka alilalamika mwezi wa kwanza na wa pili. Ipo ya bure ya imeili 100 kwa mwezi, anza na hiyo, tuma kotesheni moja kwa mteja wako mgumu kuliko wote, halafu mpigie umuulize ameiona wapi.