Microsoft Project au Primavera P6, programu za kupanga ratiba za miradi: siku 5 ni saa ngapi?

Chukua kazi ya siku 5 kwenye ujenzi fulani Jinja, Uganda, ambako mafundi wanapiga saa 10 kwa siku. Microsoft Project huihesabu kuwa saa 40, maana kwa kawaida siku moja ni saa 8 kwa mradi mzima. Ukiipa kalenda ya kazi ya saa 10 kwa siku, inakwisha siku ya nne, na safu ya muda bado inasema 5. Mkandarasi akiona hivyo, mabishano yanaanza!

Primavera P6 inaweza kuwekwa ifuate saa za kalenda ya kazi yenyewe: siku 5 zinakuwa saa 50, na tarehe zinakubaliana. Kwa zamu tofauti tofauti, naona haina mpinzani. Ila bei yake ni kubwa, na inataka mtu aliyeisomea.

Kwa zege linalokomaa, Project ni rahisi zaidi: ina siku za mfululizo zinazohesabu usiku na Jumapili, P6 itahitaji kalenda ya saa 24. Ofisi ndogo ya Kampala yenye ratiba moja, Project yatosha.

Sikukuu za Uganda za Juni 3 na Oktoba 9 ziingize mwenyewe kotekote. Iddi, subiri mwezi uandame.