Android, iOS na mifumo mingine ya simu: mpangilio kwa mnunuzi wa Afrika Mashariki

Mnunuzi anayeingia dukani Kariakoo au Luthuli Avenue huulizwa kwanza bajeti yake, kisha huonyeshwa kamera na ukubwa wa betri, na ni nadra muuzaji kumuuliza anapendelea mfumo endeshi upi, yaani programu kuu inayoendesha simu, kama Android ya Google au iOS ya iPhone. Swali hilo ndilo lingepaswa kutangulia. Kamera utaizoea baada ya wiki chache, ilhali mfumo ndio utakaoamua kwa miaka kadhaa namna unavyotuma pesa, mahali unapohifadhi picha za watoto, lugha unayosomea maonyo ya usalama, na siku ambayo programu ya benki itakataa kufunguka.

Nimepanga hapa machaguo matano yanayopatikana katika masoko yetu, kuanzia lile ninaloona linawafaa watu wengi zaidi. Vigezo vyangu ni muda wa masasisho, wepesi wa kutumia laini mbili na huduma za fedha, lugha, na ugumu wa kuhama pindi mtu anapobadili mawazo. Mapendeleo binafsi nayo yana uzito wake, na nitayafikia, kwa sababu simu ni kifaa kinachoshikwa kuanzia alfajiri hadi usiku na hakuna haja ya mtu kununua kile ambacho mkono wake haukipendi.

Masasisho kwanza

Simu isiyopata tena masasisho haizimiki siku hiyo. Inaendelea kufanya kazi kama kawaida, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa kuwa mianya ya usalama inayogunduliwa baadaye haizibwi, na programu moja baada ya nyingine huanza kuikataa. WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye Android 4.4 mwanzoni mwa 2025, na baadaye mwaka huohuo ikadai angalau iOS 15.1, hatua iliyoziacha nje iPhone 5s, iPhone 6 na iPhone 6 Plus. Mtu anayeuziwa leo iPhone 6 kwa bei ya kutupa anauziwa simu isiyo na WhatsApp, na kwa wengi wetu hiyo si simu janja tena.

Tofauti kati ya mifumo miwili mikubwa inaanzia hapa. Apple hutengeneza simu na mfumo wake yenyewe, hivyo sasisho linapotoka hufika kwenye simu zote zinazostahili kwa wakati mmoja, iwe Mombasa au Chicago. Android hutengenezwa na Google, lakini kila kampuni huichukua, ikaongeza sura na programu zake, ikasubiri pia kazi ya mtengenezaji wa prosesa (ubongo wa simu) kama Qualcomm au MediaTek, ndipo sasisho limfikie mtumiaji. Kwa sababu hiyo sentensi kwamba "Android hupata masasisho miaka kadhaa" haina maana mpaka uulize ni Android ya nani.

Nafasi ya kwanza: Android ya kampuni iliyoahidi masasisho ya muda mrefu

Hili ndilo chaguo ninalompendekezea mwalimu, muuguzi, mfanyabiashara wa kati na mwanafunzi wa chuo. Samsung iliahidi miaka 7 ya masasisho kwa Galaxy S24, na mwaka 2024 ikaahidi miaka 6 kwa Galaxy A16, ambayo ni simu ya bei ya kawaida. Google nayo iliahidi miaka 7 kwa simu zake za Pixel kuanzia Pixel 8, ingawa Pixel hazijaenea katika maduka yetu na vipuri vyake humsumbua fundi. Ahadi ya miaka 6 kwenye simu ya daraja la Galaxy A ni jambo ambalo miaka michache iliyopita lisingefikirika, na ndilo lililonifanya niiweke Android hapa juu bila kusita.

Sababu nyingine zinatoka katika maisha yetu ya kila siku. Simu nyingi za Android za daraja hili zina nafasi ya laini mbili za kawaida, na mtu mwenye laini ya Vodacom kwa ajili ya M-Pesa na ya Airtel kwa ajili ya bando hahitaji maelezo zaidi. Menyu ya laini, ile ambayo Wakenya wengi wameizoea kwa kutuma M-Pesa, hujitokeza kama programu miongoni mwa nyingine. Kwenye iPhone menyu hiyohiyo ipo, ila imefichwa ndani kabisa ya mipangilio ya data ya simu, na wapo watumiaji wa muda mrefu wasiojua kwamba ipo.

Halafu kuna lugha. Android inaweza kutumiwa yote kwa Kiswahili, kuanzia mipangilio hadi maonyo ya usalama, na tangu 2017 Google imewezesha kuandika kwa kutamka Kiswahili kupitia kibodi yake. iOS ina kibodi ya Kiswahili, lakini mfumo wenyewe haujawekwa katika Kiswahili. Unapomnunulia simu mzazi wako asiyesoma Kiingereza, kigezo hiki kinatosha kufunga mjadala, kwani onyo kwamba programu fulani inaomba kusoma ujumbe wake mfupi halina faida kama hawezi kulisoma, na matapeli wa pesa za simu wanalijua hilo vizuri.

Udhaifu wa Android ni uhuru wake. Inaruhusu kuweka programu kutoka nje ya Play Store, na mafaili ya namna hiyo yanayosambazwa katika makundi ya WhatsApp ndiyo njia kuu ya kuingiza programu za wizi. Mtu asiyeweza kujizuia kubonyeza kila kiungo anachotumiwa afikirie chaguo linalofuata.

Nafasi ya pili: iPhone

Ningeiweka kwanza kama bei na laini visingekuwa jambo, kwa sababu katika umri wa mfumo rekodi ya Apple inajieleza. iPhone 6s iliyotoka 2015 ilipokea kila toleo jipya hadi iOS 15 ya 2021, na iPhone XR ya 2018 ilifikishwa hadi iOS 18 ya 2024. Simu inayodumu namna hiyo hushikilia thamani yake inapouzwa, na mnunuzi mwenye subira anaweza kununua iPhone iliyotumika miaka miwili au mitatu akabaki na miaka kadhaa ya masasisho mbele yake.

Mnunuzi wa iPhone katika ukanda wetu ana jambo moja la kuangalia kabla ya mengine yote, nalo ni tundu la laini. Tangu iPhone 14 ya mwaka 2022, simu zinazouzwa Marekani hazina sehemu ya kuweka laini ya plastiki. Zinatumia eSIM peke yake, yaani laini iliyomo ndani ya simu, inayowashwa na mtandao bila kadi. Ndugu aliyeko Minnesota anapokutumia iPhone kwa upendo mkubwa, unaweza kuipokea na kukuta ubavu wake hauna tundu lolote, na kuanzia hapo utategemea kama mtandao wako unatoa eSIM na kama kituo cha huduma kilicho karibu nawe kinaweza kukuunganisha. Kwa iPhone 17 ya mwaka 2025 hali imesogea karibu zaidi, kwa kuwa toleo la eSIM peke yake ndilo linalouzwa pia Oman, Falme za Kiarabu, Saudi Arabia, Qatar, Kuwait na Bahrain. Wazanzibari na Wamombasa wanaoagiza simu kutoka Dubai au Muscat walizoea kwamba simu ya Ghuba ni salama kwa laini zetu, na kwa toleo hilo mazoea hayo hayafai tena. Simu ya Marekani inaweza pia kuwa imefungwa kwa mtandao wa huko hadi mkataba wake ulipwe, jambo ambalo fundi wa mtaani hawezi kulimaliza kwa uhakika.

iPhone za kawaida zenye tundu hubeba laini moja ya plastiki, na ya pili huwa eSIM. Hakuna sehemu ya kadi ya kumbukumbu, kwa hiyo GB 128 ulizonunua ndizo utakazokuwa nazo, na hifadhi ya bure ya iCloud, ghala la mtandaoni la Apple, ni GB 5, wakati akaunti ya Google inatoa GB 15. Mpiga picha za video ambaye hapendi kulipia hifadhi kila mwezi ataihisi tofauti hiyo mapema.

Mapendeleo, ambayo hakuna jedwali linaloweza kuyapima

Kati ya machaguo haya mawili ya juu, watu wengi huamua kwa hisia, nami sioni aibu yoyote katika hilo. Wapo wanaopenda kupanga kioo cha mbele watakavyo, kubadili kibodi, kuunganisha simu na kompyuta na kuburuta nyimbo kama wanavyofanya na flashi. Hao wataiona iOS kama nyumba ya kupanga yenye masharti mengi. Wapo wanaotaka simu isiyowauliza chochote, ambayo leo iko kama ilivyokuwa mwaka jana, na hao Android itawachosha kwa menyu zake na programu zilizowekwa kiwandani.

Mimi hupendelea Android, hasa kwa ishara ya kurudi nyuma. Kwenye Android unatelezesha kidole kutoka ukingo wowote wa kioo na unarudi, katika kila programu, bila kufikiri. Kwenye iPhone ishara hiyo huanzia kushoto, na ziko programu zinazokutaka ubonyeze kishale kilichoko juu kabisa, mbali na kidole gumba. Ni jambo dogo, lakini linatokea mara nyingi sana kwa siku. Anayeipenda iOS atakutajia uthabiti wa kamera yake ndani ya programu za mitandao ya kijamii, na atakuwa anasema kweli. Kabla ya kulipa, omba simu ya rafiki ukae nayo jioni moja, utume ujumbe, ulipe bili, utafute picha ya zamani, mkono utakuambia.

Kigezo cha "wenzangu wote wana iPhone" kina nguvu Marekani, ambako iMessage, huduma ya ujumbe ya Apple, hutenganisha watu. Kwetu mazungumzo yako WhatsApp, na WhatsApp haijali mfumo, isipokuwa siku ya kuhama: nakala iliyohifadhiwa iCloud haisomeki kwenye Android, wala ya Google haisomeki kwenye iPhone. Kuhamisha mazungumzo kunahitaji simu zote mbili ziwe hai mezani kwa wakati mmoja, kwa hiyo usiuze ya zamani kabla ya kumaliza kazi hiyo.

Nafasi ya tatu: Android za Tecno, Infinix na itel

Chapa hizi tatu zote ni za Transsion ya Shenzhen, na zinaijua Afrika kuliko mshindani yeyote: betri kubwa, laini mbili, kamera iliyorekebishwa kwa ngozi nyeusi, na mafundi kila kona. Kwa fedha ileile utapata kumbukumbu kubwa zaidi kuliko Samsung. Ninaziweka tatu kwa sababu ya masasisho, ambayo kwa simu za bei ya chini ni ya muda mfupi, na kwa sababu ya matangazo na programu za ziada zinazokuja nazo. Anayebadili simu kila baada ya miaka miwili hatapoteza kitu.

Nafasi ya nne: Android Go

Google ilitoa toleo hili mwishoni mwa 2017 kwa simu zenye RAM ndogo (kumbukumbu ya kufanyia kazi), na tangu Android 13 kiwango cha chini ni GB 2. Linatosha kwa WhatsApp, simu na pesa. Simu nyingi za mkopo wa kulipa kidogo kidogo, kama zile za Lipa Mdogo Mdogo iliyozinduliwa na Safaricom mwaka 2020 kwa KSh 20 kwa siku, ni za aina hii. Simu ya mkopo hujifunga malipo yanapokatika, kwa hiyo usiinunue kwa mtu wa pili kabla ya kuthibitisha kwamba deni limekwisha.

Nafasi ya tano: KaiOS

Huu ni mfumo wa simu za vitufe zenye intaneti. Vodacom Tanzania iliuza moja yake, Smart Kitochi, kuanzia 2019, na wakati huo kitochi chenye WhatsApp kilikuwa habari njema. Tangu Juni 2024 WhatsApp haipakuliwi tena kwenye KaiOS, na sababu kuu ya kuinunua imeondoka nayo. Bado inafaa kwa babu anayetaka vitufe na betri ya siku nyingi, huku pesa zikitumwa kwa *150*00#, menyu ya M-Pesa ya Vodacom Tanzania. Waliokuwa na Lumia za Windows wanakumbuka mwisho wa namna hii, WhatsApp ilipowaacha tarehe 31 Desemba 2019.

Huawei sikuipanga. Tangu vikwazo vya Marekani vya Mei 2019 simu zake mpya hazina huduma za Google, na programu za benki zetu hutegemea huduma hizo kwa kiasi ambacho sitaki mnunuzi wa kawaida akijaribu kwa fedha yake.

Ukaguzi wa simu iliyotumika

Kwa iPhone, fungua mipangilio uone jina la akaunti. Kama la mwenye simu wa awali bado lipo, mwambie alitoe mbele yako, kwani kufuli lililoletwa na Apple mwaka 2013 halifunguki bila nenosiri lake. Ukurasa wa taarifa za simu utakuonyesha kama kioo au betri vilibadilishwa kwa vipuri visivyotambuliwa, na afya ya betri iliyo chini ya asilimia 80 ni sababu ya kupunguziwa bei. Kisha gusa App Store: ikifunguka Play Store, umeshika Android iliyovalishwa sura ya iPhone.

Kwa Android, dai simu irudishwe katika hali ya kiwanda na iwashwe upya ukiwa hapo dukani. Ikiomba akaunti ya mtu mwingine, usilipe. Kwa zote mbili, piga *#06# upate IMEI, namba ya utambulisho wa simu, ilinganishe na ya kwenye boksi, na ukiwa Tanzania itume kwenda 15090 usome jina la simu litakalorudi. TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, ilizima simu bandia Juni 2016, na namba isiyolingana na simu uliyoishika mkononi inatosha kukufanya uirudishe kwa muuzaji na kwenda duka la pili.